Wageni Waliolala Kaboya

Harufu ya Bukoba hufika melini kabla ya Bukoba yenyewe. Ilikuwa alfajiri ya Novemba, nimejikunyata kwenye sitaha ya MV Victoria ndani ya blanketi zito nililotoka nalo Mbulu, pale upepo wa ziwa ulipoleta moshi wa kuni mbichi, udongo uliolowa na utamu mchachu wa ndizi zilizoiva kupita kiasi. Kukapambazuka. Kisiwa cha Musira kikachomoza majini na majabali yake, na nyuma yake miinuko ya Bukoba ikajipanga, kijani juu ya kijani, ukungu umeshika katikati. Nilimwambia abiria mwenzangu, mama mmoja aliyekalia magunia yake ya mchele usiku kucha, kwamba sijawahi kuona nchi iliyolowa namna hii. Akacheka. "Bado haijanyesha, mwanangu. Hii ni asubuhi tu."

Mimi natoka Masieda, wilaya ya Mbulu, mkoani Manyara. Kwetu Novemba ni mwezi wa kutazama mbingu. Bonde la Yaeda huwa limekauka, ng'ombe wa Wadatoga wanakwenda mbali kutafuta maji, na sisi Wairaqw wenye mashamba tunangoja mvua ya kupandia. Kutoka huko hadi hapa nimekula mavumbi ya Haydom, nimebanwa kwenye basi la Singida, nimetazama mawe ya Mwanza yakipigwa na jua la jioni, kisha nikapanda meli hii kongwe iliyorudi ziwani mwaka 2020 baada ya matengenezo makubwa. Daraja la tatu halina cha kujivunia: viti vigumu, taa zisizozimwa, mtoto wa jirani anayelala miguuni mwako bila kuomba ruhusa. Lakini chai ilikuwa ya moto, na hakuna aliyekula peke yake.

Nilikuwa nakwenda Kaboya, wilayani Muleba, mahali walipozikwa mashujaa wa vita vya Kagera vya 1978 na 1979. Kwetu wazee huviita vita ya Amin. Wakivisimulia hawaanzi na mizinga. Huanza na namna kijana aliyekuwa analima jana alivyoonekana leo na bunduki begani, akipanda lori. Hao ndio mgambo, askari wa miguu waliotoka vijijini. Nilitaka kuiona nchi waliyoiendea, na kujua inawatunzaje wale ambao lori halikuwarudisha.

Bandarini kila mtu ana haraka isipokuwa wachukuzi, ambao wanajua mzigo hauondoki bila wao. Kijana wa bodaboda alinipakia pamoja na begi langu, na kabla hatujafika mjini mvua ikafunguka. Haikuanza kwa manyunyu wala kutoa onyo. Tukajibanza kwenye kibaraza cha mgahawa mdogo, na hapo ndipo nilipopata kifungua kinywa changu cha kwanza cha Kihaya: katogo. Ni ndizi mbichi zilizomenywa na kupikwa pamoja na utumbo wa ng'ombe, mchuzi mzito, kitunguu, bakuli linatoa mvuke usoni. Kwetu Masieda asubuhi ni uji au maziwa, na ndizi ni kitu cha kununua dirishani mwa basi. Nilimaliza bakuli, nikaongezwa lingine. Mama mwenye mgahawa alikuwa ameniita "waitu" tangu niingie, kwa heshima ile ile aliyowapa wazee waliokuwa pembeni, na nilipotaka kulipa la pili alikataa. "Hilo ni la ugeni. La kesho utalipa."

Wazee wale walikuwa wanatafuna kitu. Mmoja akanifungulia karatasi: punje ndogo za kahawa, zimechemshwa na majani yenye harufu kisha zikakaushwa. Hii ni amwani, kahawa ya kutafuna, ambayo tangu enzi za watawala wa jadi mgeni hupewa mkononi kabla hajaulizwa shida yake. Ni chungu kidogo, kisha inanukia, kisha macho yanafumbuka. Kahawa ya robusta ndiyo fedha ya mkoa huu. Kiwanda cha TANICA kinasaga na kukausha ya kwenye kopo hapa hapa Bukoba. Lakini nilivyoona mimi, kahawa yenyewe kabisa ni hii inayotoka mfukoni mwa mzee.

Mvua ikakatika kama ilivyokuja. Mji ukaoshwa, mabati yakang'aa, mto Kanoni ukapita katikati ukiwa na rangi ya chai ya maziwa. Sokoni nilikuta kilele cha msimu: senene. Usiku wanaume huwategea kwa taa kali na mabati yaliyosimamishwa wima. Asubuhi akina mama wanakaa kwenye mikeka, vidole vinakimbia kuondoa mabawa na miguu, ndoo zinajaa, wa kijani huku, wa kahawia kule. Harufu ya kikaango ni ya karanga na siagi. Nilinunua kipimo cha wa kukaanga, nikala wa kwanza nimefumba macho, wa pili nimefumbua, na baada ya hapo sikumbuki. Muuzaji aliniambia kwamba enzi za bibi zake wanawake waliwakamata senene lakini wao wenyewe hawakuwala. Kazi yao ilikuwa kuwapelekea waume. "Sasa?" nikamuuliza. Akajitupia wawili mdomoni mbele yangu. Hilo ndilo lilikuwa jibu.

Mji huu umezoea kuona watu wenye silaha wakija kutoka mbali. Ukisimama ufukweni asubuhi, ziwa likiwa limetulia, ni vigumu kuamini kwamba Juni 1915 Waingereza walivuka maji haya kutoka Kisumu na kuushambulia ili kuvunja mitambo ya Wajerumani ya simu ya upepo. Miongoni mwao kilikuwepo kikosi cha watu wa kujitolea, Batalioni ya 25 ya Royal Fusiliers: wawindaji, wasafiri, watu waliokwisha kuzunguka dunia, na kati yao Frederick Selous, aliyekuwa na umri wa miaka 63. Mitambo iliharibiwa, ngome ikabomolewa, na mji ukaporwa. Selous aliuawa Januari 1917 huko Beho Beho, na kaburi lake lipo hadi leo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, watalii hulipiga picha. Watu wale walijitolea kweli, lakini walijitolea kwa ajili ya ugomvi wa wafalme wa Ulaya, juu ya ardhi ambayo mwenyewe hakuulizwa.

Mjini kati upo uwanja wa Mayunga, uliopewa jina la Silas Mayunga, kamanda wa vita vya Kagera aliyejulikana na askari wake kwa jina la Mti Mkavu. Siku hiyo watoto wa shule walikuwa wanakatiza na viatu mkononi ili visilowe, wauza vocha wanapanga miavuli yao. Hakuna aliyetazama juu. Niliona ni sawa. Jina la jemadari limekuwa jina la mahali pa kukutania, "tuonane Mayunga", na hiyo nayo ni njia ya kukumbukwa.

Safari ya Kaboya niliifanya kwa mchomoko, yale magari madogo ambayo kiti cha nyuma ni cha watu watatu kwa mujibu wa kiwanda na cha watano kwa mujibu wa dereva. Nilikuwa wa tano. Magoti ya mwalimu mmoja yalikuwa kwenye mbavu zangu, jogoo wa mtu alikuwa chini ya kiti akitoa maoni kila tukipita tuta. Lakini dirisha lilikuwa langu, na nchi ya Muleba ni ya kutazamwa. Barabara inapanda na kushuka. Huku ni kibanja, nyumba ndani ya migomba, mikahawa chini ya migomba, maharage chini ya mikahawa, kila shibri ina kazi. Kule ni rweya, mbuga tupu ya nyasi inayoteleza hadi bondeni, ng'ombe wachache, upepo. Mpaka baina ya hivi viwili ni mkali: hatua moja uko kivulini, ya pili uko juani. Chini, mara kwa mara, ziwa linatokea na kupotea. Tukapita Kemondo na bandari yake, tukapita Muhutwe, mahindi ya kuchoma yakaingizwa dirishani, kila abiria akamega na kupitisha. Dereva aliposikia ninakokwenda alipunguza redio. "Kaboya kwa mashujaa? Nitakushusha getini kabisa, kaka. Si vizuri mtu wa mbali hivyo atembee."

Kaboya ni eneo la jeshi, na jeshi halina haraka. Getini nilitoa kitambulisho, nikaeleza ninatoka wapi, nikaeleza tena, nikaketi kwenye benchi, nikainuka, nikaketi. Afande mmoja akaja, akauliza Masieda ni wapi. Nikamwambia ni upande wa Haydom, ukiteremka kuelekea Yaeda Chini. Akatikisa kichwa kwa furaha. Alikuwa na mwenzake kwenye mafunzo aliyetoka Dongobesh. Kwa Dongobesh hiyo mlango ukafunguka, kwa masharti: simu mfukoni, picha hakuna, na mzee mmoja mstaafu aliyekuwa na shughuli zake pale atanisindikiza. Nilisikitika kidogo kukosa picha. Baadaye nilishukuru, kwa sababu ilinibidi nitazame.

Nyasi zimekatwa chini. Makaburi yamepangwa kwa safu, yananyooka kwa namna ambayo watu hawanyooki wakiwa hai, na mnara umesimama juu yao. Wamelala hapa mamia. Mvua ya asubuhi ilikuwa bado imeshika kwenye zege, na kutoka upande wa vibanja ilisikika sauti ya mtu anapasua kuni. Nilianza kusoma majina. Bila kukusudia nilikuwa natafuta lile lenye sauti ya kwetu, Gida fulani wa Kidatoga au jina la Kiiraqw. Mzee aliniona.

"Kila anayekuja huanza hivyo," akasema. "Msukuma anatafuta Msukuma, Mmakonde anatafuta Mmakonde. Tafuta tu, mwanangu, hakuna ubaya. Ila usipite wengine haraka."

Basi nikarudi mwanzo wa safu, nikasoma taratibu.

Habari yenyewe inajulikana, lakini ni vizuri kuisimulia mahali hapa. Oktoba 30, 1978 majeshi ya Idi Amin wa Uganda yalivuka mpaka na kuikamata nchi yote iliyo kaskazini ya mto Kagera, na siku mbili baadaye Amin akatangaza kuwa ni yake. Watu waliuawa, maelfu walikimbia kusini, maelfu ya ng'ombe waliswagwa kupelekwa Uganda. Hilo la ng'ombe, kwa mtu wa kwetu, halihitaji ufafanuzi. Novemba 2 Mwalimu Nyerere aliwaambia wazee wa Dar es Salaam maneno ambayo hata waliozaliwa baadaye wanayajua: uwezo tunao, sababu tunayo, nia tunayo. Jeshi lililokuwa na watu wasiofikia 40,000 lilipanuka likapita 150,000. Walikuwamo polisi, magereza, vijana wa JKT, na mgambo wapatao 40,000.

Mgambo walikuwapo tangu mwanzoni mwa miaka ya sabini. Amin alipochukua Uganda Januari 1971, TANU ilitoa Mwongozo wake mwezi uliofuata, na ulinzi wa umma ukawa kazi ya kila kijiji. Mafunzo yalikuwa ya jioni na ya wikendi, kwenye uwanja wa shule, wengi wakitumia bunduki za mbao. Vita vilipokuja, wengine walijitokeza wenyewe, wengine waliitwa kwa orodha za kata. Mzee wangu alisema tofauti hiyo iliisha siku ya kwanza ya matope. Novemba ile mvua zilikuwa za Kagera hasa. Magari yalikwama, watu wakatembea. Wengi wao walikwenda kwa miguu kutoka mto Kagera hadi Mutukula, iliyokombolewa Januari 1979, hadi Masaka mwezi Februari, na mbele zaidi.

Kisha kuna Lukaya, kwenye njia ya Kampala. Machi 10, 1979, Brigedi ya 201, ambayo karibu yote ilikuwa ya mgambo, ilikutana huko na majeshi ya Amin yakisaidiwa na Walibya. Wengi wa mgambo hawakuwahi kusikia kombora likipasuka karibu yao. Walitawanyika. Nilimuuliza mzee kama ni kweli, maana mambo ya kukimbia hayasemwi sana kwenye minara. Alinitazama. "Walitawanyika, ndiyo. Usiku wakakusanyana. Asubuhi wakarudi pale pale." Ndivyo ilivyokuwa: Machi 11 brigedi ile ile ilisonga kwa mbele huku Brigedi ya 208 ikimzunguka adui ubavuni, na njia ya Kampala ikawa wazi. Aprili 11 mji ulianguka. Mimi naona sifa ya mgambo iko katika ile asubuhi ya pili. Askari wa kazi hufundishwa asiogope. Mkulima huyu alikwisha kuogopa, akajua kilichoko mbele, akarudi.

Siku ya Mashujaa, Julai 25, Taifa huwakumbuka. Mwaka 2013 maadhimisho ya kitaifa yalifanyika hapa Kaboya, Rais Jakaya Kikwete akiyaongoza. Ukiwahi kuyatazama kwenye televisheni unajua utaratibu: Rais huweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi sime, kiongozi wa mabalozi shada la maua, meya upinde na mishale, na mwakilishi wa wapiganaji wa zamani shoka. Kwa watu wa mjini hizo ni alama. Masieda ni vitu vya kawaida. Mkuki Mdatoga anatoka nao nyumbani kwenda machungani, wahunzi wake ndio wanaofua vichwa vya mishale ambavyo Wahadzabe huvinunua kwa asali, na shoka liko nyuma ya kila mlango. Nilisimama mbele ya mnara nikifikiri kwamba mtu yeyote wa kwetu angeelewa sherehe ile bila mkalimani.

Kwa Wadatoga pia yako makaburi ya kuinuliwa. Mzee mwenye heshima akifariki, ukoo unaweza kumfanyia bung'eda: kilima cha udongo, miti na samadi kinachojengwa ngazi kwa ngazi kwa miezi mingi, koo zinakuja kutoka mbali, pombe ya asali inamiminwa, na mwisho mtoto wake hupanda juu. Mahali hapo panabaki patakatifu. Miaka ya sabini na themanini, mashamba makubwa ya ngano ya shirika la umma la NAFCO yalipofunguliwa Hanang, makaburi ya namna hiyo yalipitiwa na matrekta, na kidonda hicho hakijapona. Ndiyo maana mtu wa kwetu anapoona nyasi zimekatwa vizuri kwenye kaburi la mtu wa mbali, hachukulii kwamba ni jambo dogo.

Nilitoka Kaboya saa saba, jua limewaka ghafla, barabara inatoa mvuke. Nikiwa nasubiri gari chini ya mgomba, bibi mmoja akaniita kutoka uani kwake. Hakuniuliza ninaitwa nani. Aliuliza kama nimekula. Ndani ya dakika chache nilikuwa kwenye mkeka, nyasi safi zimetandikwa sakafuni, harufu yake ya shambani imejaa chumba, na mbele yangu majani ya mgomba yanafunguliwa: ebitoke laini ya manjano, maharage, na sato wa mchuzi. Wajukuu walikaa mlangoni kumtazama mtu anayekula ndizi kwa uangalifu mkubwa hivyo. Bibi alinikosoa: "Mjukuu wangu, hiyo haikatwi kwa kijiko, inamegwa." Nikamega. Ilinibidi nikubali kwamba ugali una mpinzani.

Nilimweleza nilikotoka. Akaweka chini kikombe cha rubisi. Mwaka ule wa vita, alisema, askari walipita hapa wakiwa wamelowa, vijana wa makabila asiyoyajua, Kiswahili chao cha lafudhi za ajabu, na mama yake alikuwa anachuma ndizi mbichi na mbivu, yoyote iliyopo, anawapa njiani. Kisha akanionyesha nyuma ya nyumba, kati ya migomba: makaburi ya mumewe, ya wakwe zake, na ya mtoto mmoja. Wahaya huzika kibanjani. Ardhi ya ukoo ni ile yenye makaburi ya ukoo, na kibanja chenye wafu hakiuzwi kirahisi. "Wale wa Kaboya," akasema, "hawana kibanja hapa. Basi tukasema ni wageni wetu waliolala. Mgeni akilala kwako ni wako." Nilimshukuru kwa neno moja la Kihaya nililojifunza asubuhi, wakola, na wajukuu wakaangua kicheko kwa jinsi nilivyolitamka. Niliondoka na mkungu mdogo nisiouomba, uliokaa mapajani mwangu safari yote iliyobaki.

Saa za alasiri nilikwenda Kyaka, wilaya ya Missenyi, kwa barabara ya lami inayokwenda Mutukula. Nchi inalainika, milima inakaa mbali, mashamba ya miwa yanaanza. Mto Kagera ni mpana kuliko nilivyodhani, una rangi ya udongo, mafunjo pembeni, na unakwenda kwa kasi bila kelele. Daraja la hapa lilivunjwa na wavamizi mwanzoni mwa Novemba 1978 wakidhani mto utawalinda; haikupita hata wiki tatu jeshi letu likaweka daraja la chuma la muda na kuvuka. Juu ya kilima karibu na mto yamebaki magofu ya kanisa Katoliki lililopigwa wakati wa vita. Kuta zipo, paa hakuna. Majani yamemea madirishani, na mbuzi wawili walikuwa wamepata kivuli mahali ilipokuwa sakafu ya ibada. Kijana anayechunga pale alinipa historia nzima bila kudai kitu, kisha akanidai senene, maana aliona mfuko. Tulikula pamoja tumekaa kwenye mawe, tukitazama malori ya Uganda yakivuka daraja kwa foleni, yamebeba bidhaa, madereva wanapungiana mikono na polisi wa kizuizi. Mkoa wenyewe uliitwa Ziwa Magharibi hadi vita vilipokwisha. Baada ya hapo ukachukua jina la mto huu.

Nilirudi Bukoba giza likiingia, nimelowa tena, kwa sababu mvua ya jioni haikutaka kuachwa nyuma na ya asubuhi. Ufukweni wanachoma samaki. Sato mzima juu ya makaa, chumvi, limao, pilipili ya kusaga, na ndizi zilizochomwa kando yake. Taa za wavuvi zilianza kuwaka ziwani, na juu ya mji taa kubwa za wategaji senene zikapasua anga. Meza yangu ilikuwa ya watu sita ambao sikuwa nawajua, na walibishana usiku mzima kuhusu jambo moja: kama ni haki mgeni kuondoka Bukoba bila kufika Kamachumu, kule Muleba. Mmoja alisema nikae siku tatu zaidi, mwingine wiki. Kuhusu nauli ya kurudi Masieda hakuna aliyejali.

Nilichowaambia wao ndicho ninachowaambia watu wa Mbulu na Hanang. Tunajua kwenda Arusha, tunajua kwenda Dar es Salaam, na tunasema Kagera ni mbali. Vijana wa vijijini waliwahi kuja hapa bila kuulizwa kama ni mbali, na mamia kati yao wenyeji wanawatunza hadi leo. Kuja kuwasalimu ni sehemu ndogo ya deni, na ni deni tamu kulipa, kwani njiani kuna ziwa, kahawa na katogo. Chagua Novemba ukipenda senene, au Julai ukipenda barabara kavu na Siku ya Mashujaa. Beba kitambulisho, mwavuli na tumbo tupu. Cha kwanza watakihitaji getini, cha pili utakihitaji kila mahali, na hilo la tatu liachie Wahaya, watajua la kufanya.